Mashua Yetu Ilivyovuka Winta Bila Wewe

Paskali, rafiki yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako sina pa kuiulizia, kwa hiyo naanza na hali ya mashua. Najua ndiyo ungeiuliza kwanza, hata kabla hujaniuliza kama nimekula. Mashua ipo. Imevuka winta. Ina kidonda kimoja ubavuni na nitakueleza kilivyopatikana, ila tafadhali usianze kugomba kabla sijamaliza.

Nakuandikia Jumapili mchana, nimetoka kanisani. Wamekutaja tena kwenye maombi, na mama wa kwaya bado analitamka jina lako kana kwamba umechelewa tu kufika. Nikashindwa kubaki kunywa chai na wenzangu. Nimekuja nyumbani nikachemsha yangu. Wanangu wa Calgary wameshapiga simu yao ya Jumapili, wameniambia wananipenda, wamekata. Mpaka Jumapili ijayo hakuna atakayenipigia isipokuwa wauza intaneti.

Ulianguka pale kiwandani kwetu mwishoni mwa mwezi wa tisa, umeshika trei ya mikate, na mashua ilikuwa bado majini. Hilo watu hawakulifikiria, nami sikuweza kumwambia mtu. Kwenye matanga kwa binti yako Nyota, pale Mount Dennis, watu wamejaa sebuleni mpaka kwenye korido, mimi nilikuwa nawaza kamba. Nilikuwa nawaza upepo ukigeuka itajigonga kwenye gati kule Pickering, na nani atakwenda kuifunga upya. Mwanao alinikuta jikoni nimesimama na kikombe kitupu akanishika bega, akidhani nakulilia. Nilikuwa nakulilia, ndiyo. Lakini na kamba pia nilikuwa naziwaza.

Siku chache baada ya mazishi akaniambia, "Anko, boti hiyo tuiuze tu." Kuna bwana mmoja wa Markham anayependa mashua za mbao, aliiona wakati wa kiangazi na hajaisahau. Nusu yako sasa ni ya Nyota, siwezi kubisha kama mwenye mali. Nikamwomba tungoje theluji iyeyuke. Nikamwambia kama winta itaipasua, basi, hakutakuwa na cha kuuza wala cha kubishania. Ikivuka salama, tutaongea. Akakubali shingo upande. Tangu siku hiyo nikawa na kazi moja: kukuvushia mashua, halafu nitafute maneno ya kumfanya mwanao asimpe yule bwana.

Unakumbuka tulivyoinunua? Mimi mtu wa Tabora, maji niliyokulia nayo ni ya kisima na ndoo. Wewe umezaliwa mji wa Baraka, ng'ambo ya mpaka, ziwa liko mlangoni. Tulikwenda kwa yule mzee wa Scarborough kuangalia friji, tukakuta mashua imelala gerejini mwake, na friji ukaisahau palepale. Ulipitisha mkono kwenye mbao zake ukaanza kusema nayo Kifaransa. Kisha ukanigeukia, "Mutanzania, wewe utashika kamba, mimi nitashika usukani." Sikuwa nimeulizwa kama nataka. Nilirudi nyumbani bila friji, nikiwa mwenye nusu ya mashua.

Na winta yetu ya kwanza nayo! Hii nimewasimulia watu kwenye matanga wakacheka huku wanapangusa machozi. Tulikuwa tumeshaipandisha kwenye trela, mimi nashukuru kazi imekwisha, nikakuona unakuja na ndoo ya maji. Ukamwaga ndani. Ukaenda ukaleta nyingine. Nilipokuuliza ukaniangalia kwa huruma, ukasema, "Kule kwetu, mutumbwi ikikauka inakufa. Inapashwa kunywa maji." Ulikuwa na haki ya kusema hivyo. Ziwani kwenu chombo cha mbao kikikaa juani mbao husinyaa na kuachana, kwa hiyo hutiwa maji kikalala nayo, kikaendelea kushikana. Lakini kule kwenu maji hayageuki mawe. Mwezi wa kwanza tulipofunua tulikuta barafu imejaa kama tofali kwenye kalibu, na maungio mawili yamefumuka. Yule mama wa yadi tunakolaza mashua, mwenye kofia ya kufunika masikio, alituuliza kama tulitia maji hayo kwa makusudi. Ulijibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, madamu. Tulitumia masika yote tunaziba.

Baada ya hapo ulijifunza. Kizibo cha tundu la chini kinatolewa, maji yote yanakaushwa kwa sponji, mbele inainuliwa juu ili hata theluji ikiyeyuka maji yatoke yenyewe, kisha turubai lenye upenyo wa hewa. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi, kwa ukali, kana kwamba ndoo ile niliishika mimi.

Basi mwezi wa kumi nikaenda kuitoa. Gari lako Nyota alilipeleka kwa fundi na halijarudi, kwa hiyo nakwenda kwa treni, kisha basi, kisha kwa miguu. Nabeba ile chupa ya chai. Ilikuwa haitutoshi, tukigombea kikombe kimoja. Sasa narudi nayo nyumbani imebaki zaidi ya nusu. Mama wa yadi aliniletea trekta lake dogo akanivutia trela kutoka majini. Akauliza mwenzangu yuko wapi. Kiingereza changu unakijua, nikasema tu, he died. Akavua kofia yake ya masikio. Ndiyo mara ya kwanza nimeona nywele zake, ni nyeupe kabisa.

Mlingoti niliushusha mwenyewe, sijui hata niliushushaje. Turubai ndilo lililonishinda. Ile ni kazi ya watu wawili. Mmoja anarusha kamba juu ya mashua, mwingine upande wa pili anaidaka, anaipitisha chini, anairudisha, mnavuta pamoja. Mimi narusha, nazunguka, naiokota matopeni, naipitisha, nazunguka tena, nakuta upande wa kwanza umeshalegea. Nimezunguka ile mashua mpaka nikajitengenezea njia kwenye majani. Na mara moja, Paskali, nilirusha kamba nikasimama. Nilisimama kabisa, mkono nimeukunja hivi, nangojea uvute. Sijui nilikaa hapo muda gani. Basi nikazunguka.

Sasa nikueleze habari ambayo sijui kama huko imekufikia. Kaka yako Mishele amekuja.

Miaka yote ile ya mafaili, ya kuitwa kwenye mahojiano na kurudishwa kambi ya wakimbizi, na wewe kila Ijumaa ukimpigia simu kumpa moyo, hatimaye amefika. Alifika mwezi wa kumi na moja. Nyota alimpokea uwanja wa ndege akampeleka moja kwa moja makaburini, akiwa bado amevaa koti la baridi alilopewa uwanjani. Sitaki kukuambia mengi kuhusu siku hiyo. Kesho yake aliomba aone mashua.

Tukaenda naye. Akaizunguka, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio, vilevile kama wewe. Alipoona jina uliloandika nyuma, Mama Nyota, alisimama akalishika. Mkeo, shemeji yake aliyezikwa kambini, na Mishele ndiye aliyemzika. Kisha akatikisa kichwa akasema, "Iko na kiu." Nikamweleza huku mambo ni mengine, mashua hulala kavu. Akaitikia, "Ndiyo, ndiyo," ile ndiyo ya mtu anayemheshimu mjinga kwa kuwa ni rafiki wa ndugu yake. Nilipaswa kuitambua. Nimeisikia kwako miaka.

Jumamosi ya pili nikaenda kama kawaida kukung'uta theluji. Nikafika kwenye mashua, nikashika kamba ili nifungue, nikaona mafundo.

Hayakuwa yangu. Mimi nafunga mafundo kama mtu anayefunga gunia la mahindi, umenicheka vya kutosha. Haya yalikuwa yako. Lile lako la kupindisha mara mbili na kuacha sikio dogo la kulifungulia, safi, moja baada ya moja, kutoka mbele mpaka nyuma. Nilikaa kwenye theluji, mtu mzima mwenye mvi, nikaangalia mafundo yako, na kwa kitambo kidogo, nakuambia ukweli, niliamini. Sikujiuliza inawezekanaje. Niliamini tu kwamba ulikuja ukaona nimefunga vibaya, ukafunga upya.

Kisha nikainua turubai, nikaona barafu.

Ndugu yako alikuwa amejifunza njia peke yake, treni na basi, yeye ambaye hata duka la kona alikuwa haendi bila Nyota. Mabomba ya yadi hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo alichota ziwani kwenyewe, ghubani, akipasua utando wa barafu ukingoni kwa kisigino. Alirudisha kizibo akanywesha mashua yako ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yakafika kwenye mbavu zake. Akafunika. Akafunga vizuri kuliko mimi. Akarudi nyumbani asimwambie mtu.

Nilitaka kumkasirikia, nikampigia simu nikiwa nimeshaandaa maneno. Alipopokea akasema kabla sijasema, "Nilipenda nimufanyie hata kitu kimoja. Nilifika, mulishamuzika." Nikamwambia avae soksi mbili, tuna kazi.

Nyota alikuja kutoka saluni na mashine zote za kukaushia nywele alizoweza kuazima. Mama wa yadi akatuvutia waya wa umeme kutoka ofisini. Aliniuliza maji yameingiaje safari hii, nikamwambia mvua. Aliniangalia, akamwangalia kaka yako, akaondoka. Nadhani hakuamini hata kidogo. Hatukuthubutu kupiga nyundo, ubao ungefuata barafu. Tuliipuliza joto polepole mchana kutwa, ikilia na kutoa milio midogo. Mishele alikuwa ndani chini ya turubai na sponji, mimi nje napokea ndoo na kumwaga.

Hujawahi kuniambia kwamba mna sauti moja. Uso wake ni wake, mwembamba, wa mtu aliyekosa chakula miaka mingi, ukimwangalia humkumbuki Paskali. Lakini chini ya turubai sikuuona uso. Niliisikia sauti yako ikisema, "Leta ingine ndoo, iyi imejaa." Nikajibu, "Nakuja, Paskali." Ilitoka hivyohivyo, bila kufikiri, na kwa furaha. Ndani sponji likasimama. Nyota akazima mashine aliyokuwa ameishika. Kisha sponji likaanza tena kukwangua, na kaka yako akasema taratibu, "Ndiyo vile. Ata mama alikuwaka anatuchanganya."

Nyota alicheka. Ni mara ya kwanza nimemsikia akicheka tangu ututoke. Halafu akalia, akaenda kukaa garini mwake.

Ubao mmoja ulikuwa umepasuka, chini, karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, ufa wa urefu wa kiganja. Ndicho hicho kidonda nilichokutajia. Nyingine zilishikilia. Mbao zetu zina moyo kuliko nilivyodhani.

Nilijua nimepata mtu. Nilishaanza kupanga moyoni: kiangazi Mishele atashika usukani, mimi kamba zangu. Mwezi wa pili akapata kazi kwenye kiwanda cha nyama huko Alberta. Kuna watu wa Baraka wengi kule, wana kanisa lao. Tulimsindikiza na begi lake moja. Alinikumbatia akaniambia nimulindie mutumbwi, akapita mlango wa ukaguzi, na mimi nikarudi na treni ya uwanja wa ndege nikiwa nimekaa karibu na mlango ili nisikae karibu na mtu.

Baada ya hapo winta ilikuwa ndefu, Paskali. Nina upweke. Nimeuandika, basi. Kazini wamemleta kijana mahali pako, mtu mzuri, anavaa vitu vya muziki masikioni kutwa nzima. Wakati wa mapumziko nakula nimeangalia ukuta. Kila Jumamosi nilikwenda Pickering kutoa theluji kwenye turubai, hata wiki ambazo haikuanguka. Mama wa yadi akaniambia si lazima nije kila wiki. Nikamwambia napita tu. Kutoka kwetu Mount Dennis hadi Pickering, treni na basi, napita! Akaniachia ufunguo wa kibanda chenye hita. Nilikuwa nakaa pale nakunywa chai yangu naitazama mashua kupitia dirishani, ziwa lote nyuma yake limekuwa jeupe, hakuna ndege, hakuna mtu, na nilikuwa nasikia nafuu kidogo kuliko nikiwa nyumbani.

Wiki sita zilizopita barafu ya ghubani ilianza kuvunjika. Nikafunua. Ilikuwa kavu, Paskali, inanuka mbao, haina ukungu hata chembe. Nikauziba ule ufa kwa gundi na kipande cha ubao kwa ndani, nikapiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Nikamwita Nyota aje aone.

Alikuja na nguo za kazi. Alipitisha mkono kwenye ule ufa kama daktari. Akasema sawa, Anko, imevuka. Nikaanza hotuba yangu, niliyoifanyia mazoezi kwenye treni. Nikamwambia mashua hii ni baba yake, nikamwambia sitamsumbua kwa lolote. Akaniacha nimalize, kisha akaniuliza nitakwenda majini na nani. Nikasema nitaenda mwenyewe. Akasema, "Anko, wewe huwezi hata kuogelea."

Kweli. Huwezi kubisha na mtu aliyekuona umevaa jaketi la kuokolea ukiwa bado kwenye gati. Miaka yote nilikwenda majini kwa sababu ulikuwepo wewe, na wewe uliogelea kama mtu aliyezaliwa humo. Sikuwahi kuona haja. Nikajaribu kufanya utani, Nyota hakucheka. Akaniambia, nusu Kiswahili nusu Kiingereza kama wanavyosema watoto wetu, kwamba shida yake haikuwa boti, haikuwahi kuwa boti. "Sitaki nipigiwe tena phone call kama ile. Siwezi, Anko. I can't." Na mimi winta nzima nilidhani anataka kuuza kwa sababu hamkumbuki baba yake.

Tulirudi mjini kwa gari lake. Aliponishusha mlangoni nikamwomba asimjibu yule bwana wa Markham bado, anipe mpaka shule zifungwe. Akauliza kuna nini hapo katikati. Nikamwambia.

Utanicheka sasa, cheka tu. Kila Jumanne baada ya kazi nakwenda bwawa la mtaani, darasa la watu wazima wanaoanza kuogelea. Tuko wachache: mama wawili wa Kifilipino ambao hawaachi kuongea, bwana mmoja mnene wa Jamaika anayesali kabla ya kuingia, na mimi, nimevaa kofia ya mpira inayonibana masikio. Maji yananuka dawa ya kufulia. Mwalimu ni binti mdogo sana, ananiita sir, ananiambia niweke uso majini nipulize mapovu. Mimi, baba wa watoto watatu. Nikapuliza. Siku ya kwanza sikutoka ukingoni, nilining'inia pale kwa mikono miwili saa nzima, na binti hakunilazimisha. Wiki ya pili vilevile.

Kwa hiyo pumzika, rafiki yangu, usihangaike na mashua. Ahadi yangu ni hii: haitaingia majini mpaka nimelivuka lile bwawa kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kushika kitu, na Nyota awe amekaa pale kwenye benchi ananiona kwa macho yake. Akisharidhika, nitakwenda. Nikishindwa, nitampigia yule bwana wa Markham mimi mwenyewe, mwanao asibebe na hilo. Lakini sidhani kama nitashindwa.

Jumanne hii iliyopita niliachia ukingo. Nilizama, nikameza maji, nikatafuta kwa mkono nikakuta hakuna kitu, kisha miguu ikaanza kupiga yenyewe na nikajikuta niko juu. Kidogo tu. Wale mama wa Kifilipino wakapiga kelele, binti akapiga makofi. Na mimi nikageuka haraka, nikaangalia nyuma, nione kama umeniona.

Mwenzio,
Leonadi